Wizi wa umeme: kosa moja, mmoja faini, mwingine uhujumu uchumi, wa tatu analipa ofisini anarudi nyumbani. Imekaaje hii?

#1 Mkazi_wa_Ilomba
Wakuu kwema? Kuna jambo linanichanganya. Hapa Mbeya nawajua watu watatu waliodakwa kwa kosa ambalo mimi naona ni lile lile, kuruka mita. Wa kwanza kinyozi, kapelekwa mahakamani kakiri palepale kapigwa faini, ndugu wakachanga akatoka. Wa pili ana mashine ya kusaga na kukoboa, huyu kasomewa uhujumu uchumi, dhamana ikawa mbinde, familia imeuza ng'ombe na kesi bado inaahirishwa tu. Wa tatu ana jengo la biashara, yaani huyo ndo aliiba umeme wa maana, kaitwa ofisini kapigiwa hesabu kalipa kwa awamu, taa zinawaka. Mahakamani hajui hata mlango uko upande gani.

Dai langu: mahakama zetu hazina msimamo kwenye hizi kesi, hakimu anaamua alivyoamka. Mwenye kujua aje na hoja.

#2 Mpiga_Debe_Kabwe
Kabla hatujachangia, mita yako wewe iko salama? 😂

#3 Mkazi_wa_Ilomba
Njoo uikague, ila uje na ngazi maana iko juu ya nguzo.

#4 Wakili_Bila_Kanzu
Mleta uzi lawama umezipeleka kwa mtu siye. Hakimu hachagui shtaka, analetewa. Anayechagua ni upande wa mashtaka, na kwenye umeme wana milango zaidi ya mmoja. Kuna Sheria ya Umeme ya 2008, ina makosa yake ya kujiunganishia, kuchezea mita na kuharibu miundombinu, humo ni faini au jela au vyote viwili. Kuna Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, hiyo ya tangu mkoloni, nayo ina kosa lake la kuchepusha kwa hila nishati ya mtu mwingine. Alafu kuna Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, ya 1984, huko unavalishwa "kuisababishia hasara mamlaka", na Tanesco ni ya serikali asilimia mia kwa hiyo inaingia bila shida. Ukishapitishwa mlango huo wa tatu, tangu marekebisho ya 2016 adhabu inaanzia miaka 20 mpaka 30, na dhamana thamani ikivuka kiwango inakuja na sharti la kuweka nusu yake, taslimu au hati ya mali.

Waya ni ule ule, karatasi ndo tofauti. Kinyozi wako na msagaji wako hawakushtakiwa kosa moja hata kama wote waliruka mita.

#5 bwashee_tunduma
Acheni kuzungusha. Ni hela. Mwenye jengo alikuwa nazo, kinyozi hana, msagaji alibisha. Uzi ufungwe.

#6 Karani_Mstaafu
Bwashee punguza kasi kidogo. Nimekaa masjala za mahakama muda mrefu, Nyanda za Juu hizi hizi, sitasema wapi. Hela zipo kama zilivyo kila mahali, ila hazielezi faili nilizokuwa nazishika mwenyewe. Kesi za umeme nyingi nilizoona zikianguka zilianguka kwa sababu ya mita yenyewe, sio mtu kununuliwa.

Mfano. Mita inakuja mahakamani kwenye mfuko wa rambo. Hati ya ukamataji imeandikwa namba ya mita tarakimu kumi na moja, hati ya mashtaka tarakimu moja imerukwa, shahidi fundi anasoma namba ya tatu kutoka kwenye daftari lake. Wakili wa utetezi anasimama anauliza swali moja tu: hii ndio mita mliyoitoa kwa mteja wangu? Fundi anaangalia juu. Tena mita imekaa stoo miezi, nani alikuwa na funguo hajulikani, imepimwa na nani haijulikani, lakiri (ile sili ya mita) iliyokatika iko wapi, haipo. Tangu Mahakama ya Rufani itoe uamuzi wa Paulo Maduka na wenzake mwaka 2009, kila wakili hata wa jana anajua kuuliza kielelezo kimepita mikono ya nani na maandishi yako wapi. Hapo hakimu afanyeje? Ashike mtu kwa mita asiyojua ilikotoka?

#7 bwashee_tunduma
Na huyo fundi aliyeandika namba vibaya nani alimwambia aandike vibaya? Nauliza tu mzee wangu.

#8 Karani_Mstaafu
Wengine baridi bwana. Umekagua nyumba kumi Juni saa kumi na mbili asubuhi huko Igawilo, vidole vimeganda, unaandika namba kwa peni isiyoandika. Sio kila kosa ni njama.

#9 Fundi_Nyaya
Hapo mzee kagusa kwangu. Mimi ni fundi wa majumbani nina leseni, sio kishoka (fundi feki wa mtaani), naomba hilo lieleweke kabla wahuni hawajaanza.

Watu mnasema "kuruka mita" kama kitu kimoja. Sivyo. Kuna anayevuta kutoka kwenye waya wa shirika kabla haujafika kwenye mita, huyo mita yake inaweza kuwa nzima kabisa, lakiri ipo, hata ukiipeleka maabara haina kosa, ushahidi uko darini au chini ya lipu. Kuna aliyefungua mita kwa ndani, hapo lakiri ndo shahidi mkuu. Kuna aliyechomekewa na kishoka kipande cha waya kwenye viunganishi vya chini ya mita, kinatoka kwa sekunde akisikia gari la ukaguzi linapiga honi nje. Na kuna wa fezi tatu anayeruka fezi moja tu, mbili zinasomwa kama kawaida, anaendelea kununua umeme, risiti anazo, kila mtu anamuona mteja mzuri.

Sasa huyo aliyetoa kipande cha waya unamshtaki na nini? Picha ya simu? Wakaguzi wakifika wana haraka ya kukata na kuondoka, wanakata waya wa wizi wanautupa kwenye gari pamoja na wa nyumba tatu zilizopita. Kesi imeshafia kwenye ukuta, mahakamani inapelekwa maiti tu.

#10 Mpiga_Debe_Kabwe
Mbona unazijua zote hizo vizuri hivyo mkuu 🤔 leseni weka hapa.

#11 Fundi_Nyaya
Daktari akijua magonjwa humuulizi kama anayo. Endelea kupiga debe.

#12 DadaKihesa
Kamwene wote. Mimi niko Iringa, niongeze upande ambao hamjaugusa, mpangaji. Nilipanga fremu nikafungua saluni, baba mwenye nyumba ananiambia umeme ni elfu ishirini kwa mwezi unanipa mkononi, mimi nikaona nafuu nani akatae. Siku ya ukaguzi wakakuta waya unapita darini haujui mita. Mwenye nyumba yuko safarini. Aliyekuwepo ni mimi na dryer linazunguka kichwani kwa mteja. Nikabebwa mimi.

Kituoni naulizwa nani ameunganisha, nasema sijui, naambiwa wewe ndo mtumiaji. Mwenye nyumba kurudi anasema mita iko kwa jina lake ila umeme anatumia mpangaji, kwani yeye anasuka nywele? Nilichookolewa nacho ni daftari la kodi, kila mwezi nilimsainisha "kodi pamoja na umeme 20,000". Mpelelezi alivyoona hayo maandishi stori ikageuka nikawa shahidi. Sikufika kizimbani kama mshtakiwa lakini usingizi nilikosa.

#13 Parachichi_Rungwe
Pole dada. Ndo maana mimi mpangaji wangu nikimpa fremu tunapiga picha mita, namba yake, lakiri yake, tunaita na balozi.

#14 Wakili_Bila_Kanzu
Alichosema DadaKihesa ndo kiini cha kesi nyingi. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, lazima ithibitishe bila kuacha shaka kwamba HUYU ndiye aliyefanya au alijua na akanufaika kwa hila. Kukuta waya wa wizi kwenye jengo kunathibitisha kwamba umeme umeibwa, hakuthibitishi mwizi. Nyumba yenye wapangaji sita na mita moja utamfunga nani, wote? Na mita ikiwa kwa jina la marehemu babu je? Ndo maana kwa shirika ni rahisi zaidi kudai pesa. Kwenye madai mizani ni ipi inaelekea kuwa kweli zaidi, kwenye jinai shaka moja ya maana inamtoa mtu.

@Mkazi_wa_Ilomba ndo jibu la mwenye jengo lako hilo. Hakuachiwa kwa kuwa tajiri, au tuseme sio lazima iwe hivyo. Shirika lilitaka umeme wake ulipwe kuliko kumpeleka fundi wake mahakamani mara kumi kuambiwa hakimu yuko likizo.

#15 Mkazi_wa_Ilomba
Nakupata ila hujaniridhisha. Kama shirika linataka hela mbona kinyozi hawakumpigia hesabu na yeye akalipa kidogo kidogo? Yaani mwenye uwezo wa kulipa mamilioni anaitwa mezani, mwenye deni la laki mbili anapelekwa kwa pingu?

#16 Mhasibu_Makambako
Hapo kwenye "kupigiwa hesabu" ngoja niingie maana ndo fani yangu. Hasara kwenye hizi kesi haipimwi, inakadiriwa. Umeme ulioruka mita haujaandikwa popote. Kwa hiyo wanachukua vifaa vilivyokutwa, wanazidisha na masaa, na siku, na miezi wanayodhani.

Chukua msagaji wa mleta uzi. Mota ya kilowati 15, ndo zile za farasi 20. Afisa akadirie masaa 6 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni uniti 2,340. Bei ya T1, kundi la biashara ndogo, ni 292 kwa uniti, weka VAT na zile tozo za EWURA (mdhibiti wa nishati) na REA (wakala wa umeme vijijini) inafika kama 356. Ni 833,040 kwa mwezi, mwaka mzima 9,996,480. Sasa mwambie akadirie masaa 8. Uniti 3,120, mwezi 1,110,720, mwaka 13,328,640. Masaa mawili ya kudhani yamezaa zaidi ya milioni tatu, na kwenye sheria ambayo dhamana inaangalia thamani hayo masaa mawili yanaweza kumlaza mtu mahabusu. Nani aliyahesabu? Hakuna.

#17 kijana_Nzovwe
Mbona 356 mkuu, sisi huku uniti ni 100.

#18 Mhasibu_Makambako
Hiyo 100 ni D1, ya majumbani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Mashine ya kusaga ikiwa D1 huo nao ni wizi mwingine 😀

#19 Fundi_Nyaya
Na hata hiyo 2,340 bado ni kubwa. Mota haivuti kilowati zake zote muda wote, inategemea mzigo. Alafu mashine za kusaga huku ni za msimu, Mbozi mavuno yakiingia inapiga mpaka usiku, Januari Februari watu ghala zimekauka mashine inalaza paka. Na kama aliruka fezi moja tu kama nilivyosema juu, mita imeshasoma theluthi mbili na ameshazilipia. Ukimpigia hesabu ya mota nzima unamlipisha umeme aliokwisha kununua. Wakili wake aombe rekodi za manunuzi ya LUKU za miaka miwili, aone pale uniti ziliposhuka, hapo ndo wizi ulipoanzia. Kabla ya hapo ni kukisia.

#20 Wakili_Bila_Kanzu
Umemaliza. Ila hizo rekodi nazo zina masharti yake, ni ushahidi wa kielektroniki, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka uonyeshe mfumo ulikuwa unafanya kazi sawasawa na kumbukumbu haikuchezewa. Nimeona karatasi imechapishwa ikaletwa na ofisa ambaye hata nywila ya huo mfumo hana, ikapingwa ikatupwa. Na ukishaipokea hati kama kielelezo lazima isomwe kwa sauti mshtakiwa aisikie, tangu kesi ya Robinson Mwanjisi ya 2003, isiposomwa inaondolewa huko juu kwenye rufaa.

#21 Mzee_wa_Mbao
Mimi nasoma tu hapa Mafinga nacheka. Nguzo nusu ya nchi hii zinatoka kwetu Mufindi, miti tunapanda sisi, tunakata sisi, tunaloweka dawa sisi, malori yanapita na nguzo kwenda mikoani huku kijijini kuna kaya zinaziona nguzo zimelala barabarani tu. Kidatu, Mtera, Kihansi, maji mengi yanatoka nyanda zetu hizi. Alafu mtu akivuta kawaya kamoja mnamwita mhujumu uchumi.

#22 Parachichi_Rungwe
Mzee kwa heshima, hiyo sio sababu. Vijijini kuunganishwa ni 27,000 tu. Elfu ishirini na saba! Bei ya debe na nusu la parachichi za kwangu.

#23 Mzee_wa_Mbao
Parachichi zako ghali hivyo nani ananunua. Na hiyo 27,000 ni vijijini tu. Mjini ni 320,960 na uwe ndani ya mita 30 kutoka nguzo. Sasa nenda pembezoni mwa mji, pale ambapo serikali inasema ni mtaa lakini barabara inasema ni kijiji, mtu ana vyumba viwili vya paa la mgongo wa tembo na taa ya kuchaji, unamwambia laki tatu. Kishoka anamwambia elfu hamsini leo leo. Hakimu akiliuliza hilo mahakamani utasikia huruma kwenye adhabu, kinyozi mmoja faini ndogo, na huo ndo ukosefu wa msimamo anaosema mleta uzi. Mimi nauita utu.

#24 DadaKihesa
Utu mpaka uungue. Waya wa kishoka ulichoma vyumba vitatu kwa jirani yetu, na mwenye wizi alikuwa kalala msibani. Wengine wanakufa kwa kushika bati. Mimi nikisikia mtu anatetea wizi wa umeme namuuliza umewahi kuona bati lina umeme?

#25 Karani_Mstaafu
Hilo nalo hakimu huliandika. Nimeona hukumu mbili za faini zikafuatiwa na moja ya jela mwezi huo huo mahakama hiyo hiyo hakimu huyo huyo, tofauti ilikuwa mshtakiwa wa tatu alivuta waya juu ya uwanja wa shule. Kwenye hati ya mashtaka kosa lilikuwa lile lile.

#26 chuo_Mkwawa
Samahani wakuu nina swali la kitoto. Umeme unaibikaje? Wizi ni kuchukua kitu. Umeme sio kitu, haushikiki.

#27 Wakili_Bila_Kanzu
Sio la kitoto hata kidogo, limewasumbua majaji wakubwa. Ujerumani mwaka 1899 mahakama yao ya juu ilisema umeme sio kitu kwa maana ya sheria ya wizi, mtu akaponyoka, bunge likakimbia kutunga sheria maalum mwaka uliofuata. Uholanzi mwaka 1921 daktari wa meno wa The Hague alisimamisha mita yake kwa kuchomeka sindano, akajitetea hivyo hivyo kama wewe, mahakama ya juu ikamkatalia ikasema umeme una thamani, unahamishika, unamilikiwa, basi unaibika. Waingereza walikwepa ubishi wakaweka kosa la peke yake kwenye sheria yao ya wizi ya 1968. Afrika Kusini walienda mbele wakarudi nyuma, 1996 Mahakama Kuu ya Cape kwenye kesi ya Mintoor ilisema hauibiki, 2011 kule Johannesburg kwenye kesi ya Ndebele, watu waliokuwa wanauza tokeni za umeme kwa mashine ya wizi, jaji akasema unaibika na hizo tokeni pia.

Sisi Tanzania ubishi huo hatuna kwa sababu sheria imeandika kosa lenyewe. Ila utetezi huo ukishtakiwa wizi wa kawaida tu, bila kutaja kifungu cha umeme, bado wakili mjanja anaweza kuuchokonoa.

#28 Mpiga_Debe_Kabwe
Tumetoka Ilomba tumefika Uholanzi na nauli hatujalipa. Abiria wa Cape Town shukeni tugeuze.

#29 Mama_Gesti
Ndaga sana kwa elimu. Mimi nina gesti ndogo maeneo ya Uyole. Nilitapeliwa na kishoka, alikuja kavaa koti linalofanana na la kazi ana na kitambulisho cha kamba, akasema mita ina hitilafu anaitengeneza, kumbe kaichezea. Hita za maji gesti kwa baridi hii zinakula sana, uniti zikashuka mimi namshukuru Mungu nadhani ni hita mpya. Ukaguzi ukaja nikaambiwa deni, ni kubwa silitaji. Nikawekewa karatasi nisaini kwamba nakubali kuchezea mita na nitalipa kwa awamu. Nikasaini coz nilikuwa na wageni wa harusi ndani na hakuna taa. Sasa namalizia kulipa nasikia hiyo karatasi inaweza kunipeleka mahakamani. Ni kweli wanangu?

#30 Wakili_Bila_Kanzu
Mama pole. Kwanza kulipa hakufuti jinai, Jamhuri ikitaka kushtaki inashtaki. Ila karatasi uliyoisaini gizani na wageni ndani haina uzito kama maelezo ya onyo yaliyochukuliwa polisi kwa utaratibu. Kukubali deni na kukiri kosa ni vitu viwili. Itategemea imeandikwa nini hasa.

#31 Karani_Mstaafu
Hapo nitapingana na msomi. Nimeona karatasi za hivyo zikipokelewa mahakamani kama kielelezo na mshtakiwa hakupinga kwa sababu hakuwa na wakili, akaulizwa "una pingamizi?" akajibu "ndio mheshimiwa niliisaini". Kwisha. Mama, kuna vituo vya msaada wa kisheria, sheria yake ni ya 2017, nenda na nakala wakuangalizie. Na kama hesabu ya deni unaitilia shaka peleka malalamiko EWURA, usiporidhika huko unaenda Baraza la Ushindani. Hiyo njia watu hawaitumii kabisa, wanalipa wananuna.

#32 Mama_Gesti
Nashukuru baba.

#33 bwashee_tunduma
Mama na huyo kishoka alipatikana?

#34 Mama_Gesti
Simu haipatikani mwanangu. Wenyewe ndo hawakamatwi.

#35 bwashee_tunduma
Hapo sasa. Niambieni kesi moja mliyoona kishoka kafungwa. Wanafungwa wenye mita. Na wao wanajuaje lini ukaguzi unapita mtaa gani? Nawaachia swali.

#36 Fundi_Nyaya
Kwa mara ya kwanza kwenye huu uzi nakubaliana na wewe na sijisikii vizuri.

#37 Mkazi_wa_Ilomba
Turudi kwenye msagaji. Ndugu zake wanaambiwa wasubiri kibali cha DPP, yule mkurugenzi wa mashtaka. Kibali gani tena na mtu kashashtakiwa?

#38 Wakili_Bila_Kanzu
Kesi za uhujumu nyumbani kwake ni Mahakama Kuu. Ili isikilizwe mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi lazima kuwe na karatasi mbili, kibali cha DPP cha kushtaki na hati ya kuipa mahakama ya chini mamlaka. Bila hizo hakimu hana mamlaka hata ya kumuuliza kama anakubali kosa, ndo maana unasikia "hatakiwi kujibu chochote". Na zikikosewa, ikataja kifungu kisicho au isitaje kabisa, mtu anaweza kutumikia kifungo miaka, Mahakama ya Rufani ikija kukaa hapa Mbeya au Iringa ikasema mwenendo wote ni batili. Hapo swali linabaki kesi ianze upya au aende nyumbani, na kipimo bado ni cha kesi ya Fatehali Manji, 1966, kwamba hairudishwi kusikilizwa upya ili Jamhuri ikazibe mashimo ya ushahidi wake.

#39 Mhasibu_Makambako
Na tangu 2019 kuna makubaliano ya kukiri kosa. Ndo mwaka ule Magufuli aliwapa watuhumiwa wa uhujumu siku saba watubu warudishe fedha. Mimi nadhani msagaji hapo ndo anapopelekwa. Unamtishia miaka 20, anakaa ndani, anakuja mwenyewe kuomba alipe. Kwa hiyo yeye na mwenye jengo mwisho wao ni mmoja, wote wanalipa, ila mmoja kapitia ofisini na mwingine kapitia mahabusu.

#40 Wakili_Bila_Kanzu
Hiyo ni tafsiri yako. Makubaliano yanaweza pia kumsaidia mtu kushtakiwa kosa dogo.

#41 Mhasibu_Makambako
Yanamsaidia baada ya kushtakiwa kubwa. Nani kalileta kubwa?

#42 kijana_Nzovwe
Wakuu hivi lile zoezi la 2024 la kuboresha mita, zile namba ndefu seti mbili unaingiza kabla ya tokeni, lilikuwa la kukamata wezi? Mtaani walisema hivyo.

#43 Fundi_Nyaya
Hapana, lile lilikuwa la dunia nzima, saa ya mfumo wa tokeni ilikuwa inahesabu tangu 1993 ikafika mwisho Novemba 24, 2024, mita isiyoboreshwa ingekataa tokeni mpya. Ila fikiria, baada ya tarehe hiyo nyumba ambayo haijaingiza namba na taa zinawaka inajitangaza yenyewe.

#44 Parachichi_Rungwe
Au ina sola. Au ina uniti za akiba. Kule kwangu shamba niliweka uniti nyingi sikununua muda mrefu, ningekuja kubebwa kwa takwimu?

#45 Karani_Mstaafu
Kutonunua ni sababu ya kuja kukagua, sio ushahidi wa kukufunga. Nilimsikia hakimu mmoja akimwambia wakili wa serikali hivyo hivyo.

#46 bwashee_tunduma
Hakimu huyo yuko wapi siku hizi tuhamie wilaya yake 😂

#47 DadaKihesa
Mimi swali langu ni hizi mita mpya za juu ya nguzo, ndani tunabaki na kirimoti tu cha kuingizia namba. Nguzo iko barabarani, mita haiko kwangu, siwezi kuiona lakiri yake hata nikitaka. Ikikutwa imechezewa, ni ya nani kisheria?

#48 Wakili_Bila_Kanzu
Mita ni mali ya shirika hata ikiwa chumbani kwako. Kujua na kunufaika bado vinatakiwa kuthibitishwa, na kwa mita ya nguzoni naona Jamhuri ina kazi ngumu zaidi.

#49 Fundi_Nyaya
Ngumu wapi, waya unaotoka nguzoni unaingia kwa mtu mmoja tu. Nani mwingine atapanda nguzo usiku kukuibia umeme wako akuletee wewe?

#50 Mpiga_Debe_Kabwe
Mwenye leseni.